Mwaka Nilipofuta Zamu za Maji

Sikuufuta mfereji. Naanza na hilo kwa sababu mwezi uliopita, katika mgahawa mmoja wa mjini Same, Mzee Kajiru alinishika mkono mbele ya wageni wake na kusema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye msomi wetu aliyeufuta mfereji kwa kidole kimoja." Wakacheka. Kwa kuwa nilikuwa nimeshampa shikamoo na yeye ameshaitika marahaba, nikacheka pia, nikarudi kwenye meza yangu, nikamaliza wali uliokuwa umepoa, kisha nikapanda basi la Dodoma nikiwa na hasira ambayo sikujua kama bado ninayo. Miaka saba imepita. Katika miaka hiyo mzee ameisimulia hadithi yake mara nyingi, na kila mara ameikwangua kidogo, mpaka sasa imebaki na mkosaji mmoja tu, msichana mwenye miwani. Mfereji wenyewe upo, unapita palepale ulipochimbwa na watu ambao hatuwajui hata kwa majina. Nilichofuta mimi ni diski ya ndani ya laptop. Hilo ni kosa langu na nitalieleza lote. Lakini yale ambayo watu wazima waliyafanya baada ya mimi kukosea si yangu, na nimechoka kuyabeba.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia ambayo hakuna ofisi iliyoihitaji. Habari za ukoo wangu naziacha, hazina mchango hapa. Nilirudi milimani, kwenye kijiji ambacho ukisimama ukingoni mwake unaiona Same chini kabisa, bati zake zikimeta ndani ya vumbi, na kamati ya ndiva ikanipa ukatibu kwa sababu mradi mmoja wa maji uliwaachia laptop na hapakuwa na aliyejua kuiwasha. Ndiva ni bwawa letu dogo la mawe na udongo: maji ya kijito yanajaa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa, yanashuka kwenye mfereji na kugawiwa mashamba kwa zamu. Ofisi ya kamati ilikuwa stoo. Kulikuwa na mifuko ya saruji iliyoganda, mabomba ya plastiki yaliyoegemezwa ukutani, kalenda ya miaka miwili nyuma ambayo hakuna aliyethubutu kuitoa kwa sababu ilikuwa na picha ya askofu, na meza moja iliyonuka tangawizi, maana msimu wa mavuno ilitumika kuanikia. Ukuta uliotutenganisha na chumba cha mikutano ulikuwa wa mbao. Nilisikia kila kitu. Nilisikia wazee wakifungua kikao kwa sala na kukifunga kwa sala, na katikati wakisengenya watu waliowaombea.

Nilikuwa mtu wa kuuliza. Kwa nini kamati haina mwanamke hata mmoja? Kwa nini akina mama wanaleta chai, wanapokewa birika mlangoni, halafu mlango unafungwa? Kwa nini orodha ya zamu iko kwenye daftari moja lililoliwa pembe na panya, linalolala nyumbani kwa mwenyekiti? Mzee Kajiru, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti, alikuwa na jibu moja kwa maswali yote: "Mwanangu, ndivyo ilivyo." Kwenye kikao changu cha kwanza nilisimama, nikasema daftari limepitwa na wakati, na nikaongeza maneno ambayo baadaye yalinirudia kama kofi. Nilisema kumbukumbu za watu si ushahidi. Nikasema kompyuta haina shemeji wala jirani. Wazee wakatazamana. Daftari likafungwa Januari, likaenda kuwashia moto kwa mwenyekiti, na tangu hapo kila jina liliandikwa na mimi.

Majina hayo yalikuwa na uzito kuliko nilivyofikiri. Kwetu zamu ya maji ya kiangazi huipati kwa kuomba. Unaipata kwa msaragambo. Jumamosi baragumu likilia, kila kaya inatoa mtu na jembe, mnapanda kwenye mfereji kuzibua tope na majani. Mfereji unagawiwa vipande, kila kipande mipini mitano ya jembe, na kipande ulichopimiwa mwanzo wa msimu ni chako mpaka mwisho. Msomaji wa leo atadhani haya ni mambo ya zamani, lakini ni mwaka ambao vijana walikuwa wanazibua tope huku simu zikiimba mifukoni. Aliyehudhuria msimu mzima anapata zamu. Aliyekosa, hana. Nami niliandika jina la mtu aliyeshika jembe, si jina la mwenye nyumba. Ndiyo maana kwenye namba ishirini na saba, ambapo daftari la zamani lilikuwa na jina la mwanamume aliyeitwa Zakayo, orodha yangu ilikuwa na Nakunda. Zakayo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nakunda ni mjane wake, sisi sote tukimwita Mama Elia, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, ambaye hakukosa Jumamosi hata moja, hata ile ya mvua iliyobeba daraja la miti. Nilipomuuliza jina lake niliandike alicheka. "La nini? Si unanijua?" Nikamwambia kompyuta haimjui. Akalitaja polepole, kisha akainama juu ya meza atazame likitokea.

Mwisho wa masika laptop ikawa nzito. Ukiiwasha unaweza kumenya ndizi za chakula cha mchana kabla haijafunguka. Mkutano mkuu wa kupitisha zamu ulikuwa unakaribia na nilihitaji kuchapa orodha, nikaamua kuipiga window upya mwenyewe, yaani kuifuta na kuiwekea mfumo mpya. Niliona fundi akifanya hivyo mara nyingi, na kila mtu Same anajua kanuni moja: mafundi wetu wanagawa diski sehemu mbili, C na D, mfumo unakaa C, vitu vyako unaviweka D, na ukipiga window unafuta C, D haiguswi. Orodha yangu ilikuwa D. Nakala yake ilikuwa kwenye flashi, lakini flashi ndiyo pekee niliyokuwa nayo na niliihitaji kwa kubebea mfumo mpya, kwa hiyo niliisafisha. Sikuwa na wasiwasi. D haiguswi. Nikawasha, nikafuata maelekezo, na kioo kikaniletea vipande vinne vya diski visivyo na C wala D, namba tu na ukubwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba pale herufi hazionekani. Vingine vilikuwa vidogo sana, nikadhani ni takataka za mfumo wa zamani, nikafuta kimoja. Kikakataa kuungana na kingine. Nikafuta cha pili. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na ule ujasiri wa mtu aliyefaulu mitihani. Nilipoinua kidole, vipande vyote vinne vilikuwa vimekwisha, na mbele yangu kulikuwa na mstari mmoja tu: nafasi tupu isiyogawiwa.

Nilimpigia simu Fundi Jofrey, kijana wa Kigoma aliyekuja Same kufanya kazi kwenye shamba la mkonge, akaona mkonge haumtaki, akafungua kibanda cha simu na kompyuta karibu na stendi.

"Umegusa kitu kingine?" aliuliza.

"Bado."

"Usiguse. Zima, iache kama ilivyo, kesho niletee. Umenisikia, dada msomi? Usiguse."

Nilimsikia vizuri sana. Lakini kesho yake asubuhi mwenyekiti angepita ofisini, na nikajiona nimekaa mbele ya kioo cheusi chenye maandishi meupe, nikieleza. Nikabonyeza Endelea. Hapo ndipo kosa langu la kweli lilipo, na ni la aibu kuliko lile la kwanza, maana la kwanza lilikuwa la kutojua. Nilikaa dakika arobaini nikiangalia asilimia zikipanda, na ilipowaka, safi, nyepesi, na picha ya ziwa la nchi za watu kwenye kioo, nilipata nafuu ya kijinga kabisa, kama mtu aliyepiga deki nyumba inayoungua.

Kesho yake nilishuka Same. Joto la mjini lilinipiga usoni, na upepo ule wa Same unaokutia mchanga mdomoni ulikuwa unapiga mabati ya kibanda. Jofrey alifungua laptop, akaitazama, akanitazama mimi.

"Hii imeshapigwa window."

"Ndiyo."

"Si nilikwambia usiguse?"

"Nilitaka iwake tu."

"Iwake umwoneshe nani?"

Akavuta stuli, akachomeka kifaa chake, akaanza kutafuta mafaili yaliyopotea huku akinifundisha bila kuombwa. "Sikiliza, dada. Ukifuta diski, umeng'oa vibao vya milangoni tu. Watu bado wamo ndani, ukigonga wanaitika. Ukipiga window juu yake, umeleta wapangaji wapya na magodoro yao. Sasa mimi nigonge wapi?" Aligonga mpaka mchana. Aliniagizia chipsi mayai ambazo sikuzimaliza, akazimalizia yeye. Alipata picha za semina ya mradi, watu nusu vichwa. Alipata barua yangu ya kuomba kazi, nzima kabisa, hata koma haikupotea. Faili la orodha alilipata jina lake. Ndani hamkuwa na kitu. "Pole," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza utani. "Hawa watu hawana nakala popote?" Nikamwambia walikuwa na daftari. "Liko wapi?" Nikamwambia mimi ndiye niliyelikataa.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Kajiru nikamweleza. Nilitegemea anifokee. Alikuwa anakula makande, akaendelea kula, akasema, "Mungu ana makusudi yake," akaniambia nikapumzike. Utulivu wake ulinishangaza kwa siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa stoo nikipanga mabomba nilipomsikia ng'ambo ya mbao akiongea na Elinazi, mdogo wake Zakayo. Elinazi aliishi Ndungu, bondeni, alikuwa na jaruba za mpunga na maji ya skimu ya kumtosha, na msimu mzima hakuwahi kupanda kwetu na jembe.

"Kwa hiyo maandishi hayapo," alisema Elinazi.

"Hayapo."

"Basi zamu ya kaka irudi kwenye ukoo. Nitasema nilikuwa natuma kibarua, nani atabisha?"

"Yule mama atabisha."

"Abishe na nini?"

Nikasikia kijiko kikikoroga chai. Kisha Mzee Kajiru akasema kile ambacho kwenye hadithi yake ya mgahawani hakimo: "Ujue, mwanamke akishapata maji kwa jina lake, kesho atataka na shamba kwa jina lake. Ni heri Mungu ameliondoa mapema." Mungu! Nilisimama pale na bomba mkononi. Nilikuwa tayari kubeba lawama ya uzembe wangu, lakini hapa uzembe wangu ulikuwa umevalishwa kanzu na kuitwa mapenzi ya Bwana. Bila zamu, tangawizi ya Nakunda isingefika mwezi wa tisa, na tangawizi ndiyo iliyokuwa shule ya wanawe. Hata leo, ninapoandika, najiuliza ni mara ngapi kitu kilichopotea kwetu kwa bahati mbaya kilikuwa na mtu aliyekuwa akingojea kipotee.

Nikaomba kikao. Nikasema nimefuta mimi, kwa mkono wangu, na nikapendekeza orodha ipangwe upya kwa kuuliza watu waliokuwa wanafanya kazi bega kwa bega. Mzee Kajiru akatabasamu. "Katibu, si wewe uliyetwambia kumbukumbu za watu si ushahidi? Kompyuta ndiyo inayojua. Sasa kompyuta imesahau, kamati itaamua kwa busara." Wale wale waliokuwa wakiiita laptop yangu sanduku la shetani sasa waliishika kama msahafu. Nilitoka nje nikamkuta Nakunda ameshika birika la chai, amesikia yote. Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatisha. "Radhi utaniomba tukimaliza. Jumamosi nakwenda kusimama kwenye kipande changu. Anayesema si changu aje anitoe."

Sikumwamini. Niliona ni maonyesho. Lakini Jumamosi, siku yenyewe ya mkutano mkuu, asubuhi na baragumu halijalia, Nakunda alikuwa mferejini, jembe begani, miguu kwenye tope. Mama Yoeli, jirani yake wa upande wa juu, alipomwona akaja kusimama kwenye kipande chake, kwa sababu hakutaka mtu adhani hana. Kisha jirani wa chini. Kisha wanaume, mmoja mmoja, wakijifanya wamepita tu. Hofu ndiyo iliyowaleta, wala si haki. Kila mmoja aliogopa kwamba busara ya kamati inaweza kumfikia na yeye. Kufika saa tatu mfereji mzima ulikuwa na watu, kila mmoja mipini mitano kutoka kwa mwenzake, wakipigiana kelele za utani kutoka juu mpaka chini, na mimi napita na karatasi naandika kwa kalamu. Kamati ikalazimika kuja huko huko, viatu mkononi.

Elinazi alifika kwa bodaboda, suruali imepigwa pasi.

"Shemeji, karibu," alisema Nakunda. "Kipande chako kipi?"

Elinazi akaangalia mfereji, akaonyesha kwa kidole penye mgomba uliolala. "Kile pale. Kibarua wangu alikuwa pale."

"Hapa ni kwangu mpaka jiwe hili," alisema Mama Yoeli.

"Na kuanzia jiwe hili mpaka kwenye mgomba ni kwangu," alisema Nakunda.

"Na mgomba ni wangu, nimeulaza mwenyewe," alisema mzee wa upande wa chini. "Huyo kibarua alisimama wapi, juu ya mgongo wangu?"

Mtu akapiga kelele kutoka juu, "Labda alikuwa anachimba chini kwa chini kama fuko!" Mfereji wote ukacheka. Wakapima kwa mpini, mara mbili, kwa sababu Mzee Kajiru alitaka. Mipini mitano, jiwe. Mipini mitano, mgomba. Hapakuwa na nafasi ya kuweka hata mguu. Elinazi alikaa kidogo, akasema jua ni kali, akarudi Ndungu.

Ningependa kuishia hapo. Jioni ile kamati ilikaa kuandika maamuzi, na nilipopewa karatasi ya kuingiza kwenye laptop, namba ishirini na saba ilisomeka: Kaya ya Marehemu Zakayo. Zamu wamempa, jina wamemnyima. Nikasema siandiki. Mzee Kajiru akasema, "Mwanangu, amepata maji, unataka nini tena?" Nikafunga laptop, nikaisukuma mbele yake, nikasema mtafute katibu mwingine, nikaondoka nikijiona mkubwa kuliko mlima. Sikufika mbali na ukubwa wangu. Kesho yake baada ya ibada Nakunda alikuja mlangoni kwangu, hakukaa, hata chai hakutaka.

"Nani amekutuma uache?"

"Mama, wamekuandika jina la mtu aliyekufa."

"Nimeona. Sasa umewaachia na kalamu? Mpwa wa mwenyekiti ndiye anayetajwa kukaa pale. Unadhani yeye ataandika nini? Hasira yako ni tamu kwako, mwanangu. Mimi inanisaidia nini?"

Nilirudi Jumatatu. Nilimsalimia Mzee Kajiru shikamoo, nikasema nimekosa, naye akafurahia kila herufi ya neno hilo. Akanirudishia laptop. Akakaa mbele yangu na karatasi, mweka hazina pembeni yake, akaanza kunisomea majina, mimi naandika. Tulipofika ishirini na saba akasoma bila kuinua macho, "Kaya ya Marehemu Zakayo." Vidole vyangu vikabaki hewani. Sikutaka kugomba tena, na nilijua nikinyanyuka safari hii sitarudi. Nikauliza tu, kwa sauti ya katibu, "Mzee, Jumamosi nikisoma majina mferejini, nikafika kwa marehemu, nani ataitika?"

Mweka hazina akacheka kabla hajaweza kujizuia, akageuza kuwa kikohozi. Mzee Kajiru aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita wakiimba namba. Nilidhani atasema ndivyo ilivyo.

"Andika atakayeitika," alisema, na akasoma namba ishirini na nane.